Mstari wa Kajetani

Majengo, Songea
Jumapili, katikati ya Novemba

Mdogo wangu Benigna,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba ya shikamoo uliyomkabidhi Muhsini. Imenifikia pamoja na korosho, ambazo wifi yako Domina amezificha juu ya kabati akidhani sikumwona. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha umri wetu. Goti langu la kushoto hutabiri mvua vizuri kuliko redio, lakini mwaka huu limenidanganya. Mawingu yanakuja kila alasiri kutoka upande wa Matogoro, yanasimama juu ya mji kama mgeni asiyetaka kuketi, kisha yanaondoka. Domina anasali, mimi nangoja. Natumaini huko Mbesa mu salama, na kwamba kikohozi cha shemeji Aloyce kimemwachia alale.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Jambo la kwenye simu husemwa haraka, na jirani husikia nusu yake akajitungia nusu nyingine. Muhsini anarudi Tunduru kesho na ameahidi kukufikishia mkononi. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Uliniagiza mambo mawili. La kwanza, nimpe binti yako Yasinta hongera zako kwa kubaki mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha ushirika kule kijijini. La pili, nimuulize mbona miezi hii hapokei simu zako. Hongera hizo sikumpa, mdogo wangu. Na simu hapokei kwa sababu hajui akwambie nini. Kule nyumbani Namtumbo hakuna mtu anayemsalimia mwanao zaidi ya salamu ya kujibu. Nitakueleza ilivyokuwa, kisha nitakuomba jambo ambalo ni wewe tu uliyemzaa unayeweza kulifanya. Nakuonya mapema kwamba mimi mwenyewe sina hakika kama ni jambo la heri.

Mzee Jumanne, jirani yetu wa enzi za baba, alifariki mwezi wa tisa, hilo unalijua. Usilolijua ni la msibani. Unakumbuka desturi yetu: mwanamke haendi msibani mikono mitupu, huenda na kuni na unga, awe Mkristo au Mwislamu, awe amegombana na wafiwa au la. Yasinta alikuja na mzigo mkubwa wa kuni kichwani, mkavu, wa miti mizuri. Noela, yule rafiki yake waliyesoma naye shule ya msingi, alimpokea, akamshukuru kwa adabu zote, akaupeleka mzigo kando ya ua na kuuweka peke yake. Moto wa msiba uliwaka mpaka watu wakatawanyika. Nilikuwapo, nikaona wanawake wakipita mbele ya mzigo ule kwenda kuokota vijiti vibichi vinavyofuka moshi. Kesho yake Yasinta alifungua mlango akaukuta umerudishwa kibarazani kwake, na kamba yake haijaguswa. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu kama wangemtukana.

Sasa unauliza, mtoto huyu amewafanya nini watu hawa. Inabidi nirudi nyuma kidogo; univumilie, ualimu hauishi kwa kustaafu.

Unalikumbuka ghala letu. Baba na wenzake walifyatua yale matofali wenyewe, wakati ambapo tumbaku yetu yote, hii ya kukaushwa kwa moshi, ilipita mlango mmoja na viongozi wa ushirika wakiletwa kutoka juu wakiwa wamekwishachaguliwa. Wewe ulikuwa mdogo. Yakaja mageuzi ya uchumi: tukaambiwa soko ni huru, mnunuzi yeyote aje na gari lake, na ushirika ujitegemee au ufe. Ukafa. Baba alikuwa shambani siku waliyokuja na gari la serikali kufunga ghala, na hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka michache baadaye ikapita tume kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja cha siasa au vingi. Safari hii waliulizwa. Baba akasimama akasema kibaki kimoja, na wengi nchini walisema hivyohivyo, nasi tukaletewa vingi. Baba alicheka sana jioni ile. Alisema soko tumeletewa bila kuulizwa, na kura tumeulizwa, tukaikataa, tukaletewa. Kwa hiyo yeye haoni tofauti ila kwamba ya pili wamepoteza na muda wake.

Nilimwona baba kama mtu aliyepitwa na wakati. Nilikuwa na chaki mkononi, nafundisha uchumi na uraia, na kila mwaka niliwapa wanafunzi swali moja la insha: nchi inayobadilika ianze na lipi, soko au kura? Kuna wanaosema soko litangulie, tena kwa mkono mgumu, kwa sababu matengenezo huuma kabla ya kuponya, na mgonjwa anayeumia ukimpa kura ataitumia kumfukuza tabibu. Niliwachorea ubaoni vilima viwili na bonde katikati. Tunatoka kilima kibovu kwenda kilima kizuri, niliwaambia, lakini njia inapita bondeni, na ni kule bondeni ndiko watu hupiga kura ya kurudi. Wengine husema hapana, kura itangulie, kwa sababu matengenezo yasiyo na idhini ya watu huliwa na waliokaa karibu na chungu. Niliwapa alama nzuri waliotetea upande wowote, mradi hoja zimepangwa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mimi niko upande gani, nami nilishukuru.

Yasinta alikulia katika mazungumzo hayo, likizo baada ya likizo, hapa hapa barazani kwangu. Alipomaliza chuo akakataa kukaa mjini, akaenda kulima shamba la babu yake, wewe ulilia. Mimi nilijivunia. Ghala lilikuwa limefunguliwa tena, ushirika umefufuka, na safari hii wanachama wenyewe ndio wanaochagua. Kajetani alikuwa mwenyekiti. Unamjua: mcheshi, hakosi msibani, hakosi harusini, na hakuna mtumba wa tumbaku aliowahi kuukataa. Watu walificha majani mabovu na hata mchanga katikati ya mtumba, naye akapokea, kwa sababu mwenye mtumba ni shemeji au mke wa shemeji. Mitumba ilichanganywa, kosa la mmoja likawa la wote, na wanunuzi wakawa wanatupa bei ya takataka kijiji kizima. Yasinta alisimama akayaeleza haya kwa upole, na wanachama wakamchagua kwa vigelegele. Niliona kwamba swali langu la insha limepata jibu: kura imeleta matengenezo.

Alianza msimu uleule. Kila mtumba ufunguliwe mbele ya mizani. Wenye unyevu au uchafu urudi nyumbani na mwenyewe. Kila mtumba uwe na alama ya mkulima wake. Walinzi waliokuwa wakilala, wote ndugu wa Kajetani, aliwaondoa. Mkulima asiyepanda miti badala ya ile anayokata kukaushia tumbaku hapati nafasi ghalani. Hakuna hata moja ningeliita kosa. Lakini msimu ule mitumba mingi mno ilirudi majumbani. Biasha, mjane yule anayeishi karibu na kisima, aliubeba wake kichwani, akapita sokoni katikati ya watu, mzee wa umri ule, kwa sababu jani moja kati ya matatu lilikuwa na ukungu. Wanunuzi walikiri kwamba tumbaku yetu sasa ni safi, ila walisema jina lililoharibika haliponi kwa msimu mmoja. Bei nzuri itakuja baadaye. Msimu wa pili ukawa hivyohivyo. Yasinta alikuja hapa akaniambia kwamba wameshafika bondeni, na kilichobaki ni kupanda. Nilitabasamu kusikia mfano wangu kinywani mwake.

Kajetani hakuhitaji kufanya kampeni. Alikaa kilabuni anakunywa ulanzi, na mtu akimwamkia anasema mizani ya mtoto huyu ni ya kweli mno, inapima mpaka njaa. Alisema shahada yake tumeiona, tunashukuru, sasa atuoneshe unga. Watu walicheka, na mimi ningecheka kama asingekuwa mwanetu.

Mkutano mkuu wa uchaguzi ulikuwa mwezi wa saba, mbele ya ghala. Nilikwenda, kwa kuwa hisa ya baba iko kwa jina langu. Karatasi za kura zilikuwa tayari. Ndipo Biasha akasimama akasema yeye hajui kusoma, na hataki mtu amsomee kura yake kama anavyosomewa risiti. Isitoshe, alisema, wao si wezi wa kuchagua mtu kwa kujificha. Akaomba watu wajipange nyuma ya wanaowataka, kila mtu aonekane. Mkutano ukaitikia. Yasinta ndiye aliyekuwa akiendesha kikao. Alijua kanuni inasema kura ya siri, nilimwona akifikiri. Kisha akakubali. Baadaye aliniambia kwa nini: aliamini hakuna mtu atakayethubutu kumpita yeye usoni mchana kweupe, aende kusimama nyuma ya mtu aliyewaharibia jina. Alitegemea aibu, Benigna. Tulimfundisha uchumi, hakuna aliyemfundisha kwamba mtu mwenye njaa na wajukuu watano hana akiba ya aibu.

Kajetani alisimama mlangoni mwa ghala, Yasinta karibu na mizani. Watu waliinuka polepole bila kumwangalia. Nyuma ya Yasinta tulisimama mimi, karani kijana wa ghala, mke wa katekista na wengine wachache ambao tungeweza kuketi kwenye benchi moja la kanisani. Mstari wa Kajetani ulizunguka ghala ukarudi ulikoanzia. Noela alikuwa ndani yake, ameinamisha kichwa. Biasha ndiye wa mwisho kuinuka. Alikuja moja kwa moja kwa Yasinta, nami nikadhani amekuja kusimama kwetu. Akamrekebishia kitenge begani, kilikuwa kimeteleza. Akamwambia, mwanangu, mimi nakupenda, ila mtumba wangu ulirudi. Kisha akaenda kwa Kajetani.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walirudi majumbani kama waliotoka kuzika. Nimeona chaguzi nyingi maishani, na ninakuambia kwa moyo mweupe kwamba ule ndio uchaguzi wa kwanza wa kweli niliouona kijijini kwetu. Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyetishwa, hakuna aliyeletewa kitu kutoka juu. Watu waliamua wenyewe kwa miguu yao, na wakachagua kuangamia.

Wiki iliyofuata Yasinta alikuja hapa Majengo. Domina alimpikia, hakula. Aliniuliza: mjomba, watu wakitumia uhuru wao kujiharibia, anayeweza kuwazuia awazuie, au awaache? Nilianza kumweleza kwamba kuna mitazamo miwili. Akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alisema hataki mitazamo miwili, anataka mmoja, wangu. Nami, Benigna, nilimpa tena ile miwili, nikaipanga vizuri zaidi kuliko nilivyowahi kuipanga darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaondoka na gari la alasiri.

Mwezi wa nane ikaja barua kutoka ofisi iliyo juu ya chama chetu: uchaguzi umefutwa kwa sababu haukuwa wa siri, na uongozi wa zamani uendelee mpaka utakapopangwa mwingine. Ndiyo habari iliyokufikia wewe, ukamshukuru Mungu. Mimi pia nilidhani ni watu wa ofisini tu, wanaopenda kanuni kuliko wanachama. Kijiji hakikudhani hivyo. Niliona mzigo ule wa kuni umewekwa kando, nikajiuliza wanajua nini nisichokijua.

Juma lililopita nikaenda kumwona. Nilimkuta ghalani peke yake. Laiti ungeliona lile ghala, mdogo wangu. Sakafu imefagiliwa mpaka inang'aa, paa limezibwa, mizani imekaguliwa, mbao za kupangia mitumba zimepakwa dawa ya mchwa. Tangu baba alipopandisha kenchi zake, halijawahi kuwa ghala zuri kama lilivyo leo. Na ndani hamna kitu. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, tukakaa juu ya mbao. Nikamuuliza ni nani aliyepeleka malalamiko.

Akasema ni yeye. Aliandika siku mbili baada ya kutoka kwangu. Alilalamika kwamba kura haikuwa ya siri, yeye mwenyewe aliyeiruhusu isiwe ya siri, na ofisi ikamkubalia kwa kuwa kanuni ilikuwa upande wake. Hakulia wala kujitetea. Alisema alijua Kajetani akishika funguo za ghala, mchanga utarudi kwenye mitumba, na wanunuzi hawatarudi tena. Alisema amewaokoa. Nikamuuliza, amewaokoa na nani. Alisema, na wao wenyewe, mjomba. Kilima kilibaki kidogo.

Nilitamani kumkemea nikashindwa, maana sijui ni wapi alipokosea hesabu. Wanunuzi walikuwa karibu kupandisha bei, hilo ni kweli. Kajetani ataharibu kila kitu, hilo pia ni kweli. Lakini nilipoyasikia maneno yale nililiona lile gari la serikali limesimama mbele ya ghala, na baba anatoka shambani na jembe begani. Wale nao walikuja kutuokoa. Nilidhani tutakapompeleka mtoto wetu shuleni atarudi awe upande wa mwenye jembe. Amerudi akashuka kwenye lile gari.

Na bado sijakwambia lililo baya zaidi. Nilipotoka ghalani nilipita bondeni kwenye mto. Majira haya, unakumbuka, bonde lote huwa na vitalu vya miche ya tumbaku, kijani, vimefunikwa nyasi, na watoto wakimwagilia jioni. Hakuna kitalu hata kimoja. Niliuliza. Hawakufanya mkutano, hawakugoma, hakuna aliyemwambia mwenzake. Mmoja alisema mbegu yake imeliwa na mchwa. Mwingine mgongo unamsumbua. Noela alisema mwaka huu anajaribu ufuta. Biasha tu ndiye aliyenijibu sawasawa; alisema kura yake ya kwanza waliifuta, basi hii ya pili waje waifute. Watalima mahindi ya kula, na yasipopata mvua watakufa njaa bila tumbaku na bila mahindi. Kajetani naye hakupanda, naye ana watoto. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na mzaha uleule, akasema yeye ni mshindi asiye na kiti na Yasinta ana kiti kisicho na watu, labda wabadilishane. Lakini sauti yake haikuwa ya kucheka.

Kwa hiyo nakuomba uje. Uje kabla ya Noeli, kabla ardhi haijalowa kabisa, kwa sababu mbegu ya kuchelewa bado inaweza kuota. Mwambie mwanao aitishe mkutano na aweke funguo mezani mbele ya wote. Mimi hanisikilizi tena, na ana haki. Alikuja kwangu akiwa na kiu nikampa somo la mvua. Wewe atakusikia. Atakuuliza nini kitafuata baada ya hapo, nawe usimdanganye. Kajetani atachukua kiti, mitumba itajaa mchanga, na kwa msimu mmoja au miwili watu wataimba. Kisha mnunuzi wa mwisho ataondoka, na lile ghala litafungwa bila gari la serikali kuja. Sikuombi umshauri hivyo kwa kuwa naona mwanga. Nimetafuta mwanga pande zote mbili za lile swali langu na sikuuona. Nakuomba kwa sababu wakiangamia pamoja naye watamzika, na wakiangamia bila yeye hakuna atakayembebea hata maji.

Nyumbani kwake utaukuta ule mzigo wa kuni. Bado uko kibarazani, na kamba yake. Hajaufungua na hajaupikia. Asubuhi anauruka akienda kufungua ghala, jioni anauruka akirudi. Nilitaka kuuondoa, akanizuia. Alisema mjomba, acha, wataukuta hapo siku watakayouhitaji.

Domina anakusalimu sana, anasema korosho zilikuwa nzuri na zimekwisha, jambo la pili si kweli. Msalimu shemeji Aloyce na majirani wanaonikumbuka. Ukipata gari la alfajiri, utanikuta stendi. Nitakaa upande wa kivuli na fimbo yangu. Mungu akulinde njiani, na atupe mvua hata kama hatujui tunaliombea shamba gani.

Ni mimi kaka yako,
Leonce